Vilabu vya Wanawake Weusi na Uhifadhi wa Nyumba ya Frederick Douglass, 1896–1962

Nyumba ya Frederick Douglass iliyoko Anacostia, Washington, hutajwa katika historia ya Marekani kama ukumbusho wa mtu aliyetoroka utumwani akawa msemaji mashuhuri wa uhuru. Insha hii inadai kwamba nyumba hiyo ni ukumbusho pia wa vilabu vya wanawake Weusi, kwani ndivyo vilivyoikomboa kutoka katika deni.

Douglass aliinunua nyumba hiyo, iitwayo Cedar Hill, mwaka 1877. Alipofariki mwaka 1895 alikuwa amemwachia mkewe, Helen Pitts, lakini kipengele hicho cha wasia kilibatilika kwa kukosa idadi ya mashahidi iliyotakiwa na sheria. Mjane alilazimika kukopa ili anunue haki za warithi wengine. Mwaka 1900 Bunge la Marekani liliidhinisha jumuiya ya kuitunza nyumba. Helen alipofariki mwaka 1903, rehani ilikuwa haijalipwa yote.

Wakati huo vilabu vya wanawake Weusi vilikuwa vimekwisha kuungana. Chama chao cha kitaifa kiliundwa mwaka 1896, na rais wake wa kwanza alikuwa Mary Church Terrell. Mwaka 1900, katika mkutano wa Milwaukee, shirikisho la vilabu lililotawaliwa na wanawake Weupe lilikataa kumpokea Josephine St. Pierre Ruffin kama mjumbe wa klabu yake ya Weusi ya Boston, ingawa lilikuwa tayari kumpokea kama mjumbe wa vilabu vya Weupe.

Mwaka 1916, chini ya uongozi wa Mary B. Talbert, chama kilijitwika mzigo wa Cedar Hill. Michango ilikusanywa kupitia vilabu, na mfanyabiashara Madam C. J. Walker alikuwa miongoni mwa wachangiaji wakubwa. Mwaka 1918, katika mkutano wa Denver, hati ya rehani ilichomwa moto hadharani. Nyumba ilizinduliwa mwaka 1922 baada ya kukarabatiwa.

Kwa nini wanawake waihangaikie nyumba ya mwanamume? Douglass alihudhuria mkutano wa haki za wanawake wa Seneca Falls mwaka 1848, na siku aliyofariki alikuwa ametoka katika mkutano wa wanawake. Zaidi ya hayo, chama ambacho wanachama wake walinyimwa viti katika mikutano ya wengine kilipata, kupitia Cedar Hill, mahali pa kuonesha kwamba kinaweza kuchanga fedha, kulipa deni na kutunza historia ya watu wake.

Mwaka 1962 nyumba ilikabidhiwa kwa serikali ya shirikisho kwa mujibu wa sheria. Makabidhiano hayo yaliipatia fedha za umma, lakini pia yaliwaondoa walinzi wake katika usimamizi wa kila siku. Kwa hiyo, mtafiti anayesoma jengo hili kwa jina la mwenye nyumba peke yake anakosa nusu ya historia yake. Nusu hiyo imo katika wasia uliobatilika, rehani na michango ya vilabu.