Mdukuzi Asiyekosea Neno la Siri: Namna ya Kumtafuta Katika Daftari la Seva

Ofisi nyingi ndogo hapa Mombasa, kuanzia mawakala wa forodha hadi zahanati na maduka ya jumla, hazina fundi wa kompyuta wa kukaa nao kutwa. Fundi yuko mbali, pengine Nyali, pengine Nairobi, na akipigiwa simu hufungua programu inayomwezesha kuendesha kompyuta ya mteja akiwa kwake. Ndiyo kazi inayonipa riziki mimi mwenyewe. Programu hiyo huwa na seva yake, na seva moja hufikia kompyuta za wateja wote wa fundi yule. Kwa hivyo anayeivunja seva hiyo hakuvunja ofisi moja. Amebeba funguo za nyumba zote mtaani.

Mafundi wengi ninaowajua, wakiambiwa wachunguze kama wamedukuliwa, hukimbilia kutazama majaribio ya kuingia yaliyoshindikana. Wanatafuta mtu aliyekosea neno la siri mara mia. Hilo ni jambo zuri, lakini kuna shambulizi ambalo halitaonekana hapo hata ukikesha. Mshambulizi huyu hakosei neno la siri kwa sababu haulizwi. Anaupita mlango wa kuingilia na kutokea ndani.

Mfano ulio wazi kabisa ni wa programu ya ScreenConnect, ya kampuni ya ConnectWise ya Marekani. Tarehe 19 Februari 2024 kampuni ilitangaza kasoro iliyopewa nambari CVE-2024-1709, ikapimwa alama 10 kati ya 10 kwa ukali. Matoleo yote hadi 23.9.7 yalikuwa nayo. Dawa yake ilikuja na toleo 23.9.8. Siku chache tu baadaye wadukuzi walikuwa kazini, na makundi yanayofunga faili za watu ili yadai fidia, kama Black Basta na Bl00dy, yalionekana yakiitumia.

Kasoro yenyewe ni ndogo mpaka inachekesha. ScreenConnect ina ukurasa uitwao SetupWizard.aspx, wa kutumiwa siku ya kwanza unapoiweka programu, ambapo unaunda akaunti ya msimamizi. Ukishamaliza, ukurasa ule hufungwa. Lakini mlinzi wa mlango alifundishwa kulinganisha jina herufi kwa herufi: ukiandika /SetupWizard.aspx anakurudisha. Ukiongeza mkwaju mmoja mwishoni, au mkwaju na neno lolote baada yake, jina halilingani tena na lile alilokariri, naye anakupisha. Programu iliyo nyuma yake haijali mkwaju huo. Inakupa ukurasa uleule. Unajiundia akaunti ya msimamizi kwenye seva ya mtu mwingine, basi.

Sasa tuje kwenye daftari. Seva ya wavuti huandika kila ombi linaloletwa: saa, anwani ya IP ya muombaji, ukurasa alioutaka na nambari ya jibu. Kama mbele ya ScreenConnect umeweka nginx au kifaa kingine kinachopokea maombi kwanza, tafuta huko. Mistari unayoisaka hufanana na hii niliyoiandika kuwa mfano:

2024-02-21 23:10:04 GET /SetupWizard.aspx/ 203.0.113.25 200
2024-02-21 23:10:09 POST /SetupWizard.aspx/ 203.0.113.25 200

GET ni kuuomba ukurasa, POST ni kutuma kilichojazwa humo, na 200 maana yake seva imekubali. Seva iliyokwisha kuwekwa mwaka jana haina sababu ya kutoa ukurasa wa siku ya kwanza leo. Huhitaji kujua anwani ya mdukuzi wala nchi yake. Ombi lenyewe ni ushahidi. Kwenye Linux amri hii inatosha:

grep -i "setupwizard.aspx/" access.log

Usiiache ile -i, kwani programu haitofautishi herufi kubwa na ndogo, na mdukuzi anaweza kuandika apendavyo. Mafaili ya zamani yaliyobanwa yasomwe kwa zgrep. Wengi huyasahau hayo. Na angalia saa vizuri. Daftari la IIS, kwa mfano, huandikwa kwa saa za UTC, zilizo nyuma yetu kwa saa tatu. Kama mistari ile ya juu imeandikwa hivyo, 23:10 ya tarehe 21 kwetu ni saa nane na dakika kumi usiku, tarehe 22 imeshaingia. Ukimuuliza mlinzi wa jengo nani alikuwa ofisini, muulize usiku ulio sawa.

Ukipata 403 au 404 badala ya 200, huenda mtu alibisha tu akaondoka. Mimi singelala kwa hilo peke yake. Fungua folda ya App_Data utazame faili la User.xml. Shambulizi hili huliandika upya: watumiaji wako wa zamani hutoweka, anabaki mgeni mmoja. Fundi akijikuta ghafla hawezi kuingia kwenye seva yake mwenyewe, asiharakishe kurejesha nakala ya jana na kuendelea na kazi. Atazame pia folda ya App_Extensions kama kuna kitu ambacho hakukiweka yeye.

Daftari nalo lisiachwe kwenye seva ileile. Januari 2024, vifaa vya Ivanti Connect Secure vilipovamiwa kupitia kasoro ya namna hiyohiyo, CVE-2023-46805, wavamizi walifuta kumbukumbu na kuzima uandikaji wake. Huko alama ilikuwa nukta mbili na mkwaju, ../, zikirudiwa ndani ya anwani ya ukurasa. Nakala iliyotumwa kwenye mashine nyingine papo hapo haifutiki kwa urahisi.

Ukithibitisha kuwa ameingia, itenge seva na mtandao, nakili daftari na User.xml kabla ya kugusa chochote, kisha ndipo uweke toleo jipya. Toleo jipya hufunga mlango. Halimtoi aliyekwisha kuingia, wala halisafishi kompyuta za wateja alizozifikia. Wateja hao waambiwe siku hiyohiyo. Zahanati au wakala aliyeshikilia taarifa za watu ana saa 72, tangu ajue, za kumjulisha Kamishna wa Data chini ya sheria ya mwaka 2019 pale watu hao wanapokuwa katika hatari ya kudhurika. Hawezi kutimiza hilo kama fundi wake amekaa kimya akitumaini mambo yatapoa.