Nani Alilipia Marekebisho? Historia Fupi Kutoka Banda la Gemu, Ngamiani

Nilikuwa nyumbani Tanga kwa siku chache, na kama kawaida yangu nikapita Ngamiani kwenye lile banda la gemu lililokula hela zangu zote za maandazi nilipokuwa shule ya msingi. Banda bado lipo. Mwenyewe naye yupo, kaongeza kitambi tu. Nilimkuta amekaa mbele ya PS4, kwenye televisheni kuna mstari unasogea kwa mwendo wa kinyonga, na vijana watatu wameshika pedi huku wamenuna.

"Shikamoo, Anko."

"Marahaba, mgosi. Kaa hapo. Hii kitu inavuta marekebisho tangu saa tatu asubuhi, bando limeshakata mara mbili."

Nikakaa. Halafu nikakumbuka kwamba enzi zetu, kwenye PS2, hakuna aliyewahi kusubiri kitu kama hicho. Ulikuwa unaweka CD, unatoa mia mbili yako, unacheza. Sasa haya marekebisho yameanza lini, na nani anayelipa? Nikaanza kusomasoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza niseme kwamba enzi zetu nazo hazikuwa pepo. Kosa likiingia kwenye CD lilibaki humo milele. Ronaldinho alihamia Milan mwaka 2008, Cristiano Ronaldo akaenda Real Madrid mwaka 2009, lakini kwa Anko wote walibaki klabu zao za zamani mpaka mtu alete CD mpya kutoka Dar. Yule aliyetoka Dar na basi la usiku ndiye aliyekuwa marekebisho yetu! Na CD zenyewe, tuseme ukweli, zilikuwa za kunakiliwa, zikichezwa kwenye mashine zilizotiwa chipu.

Hiyo chipu ina historia yake. Nintendo walipopeleka mashine yao ya NES Marekani mwaka 1985, waliweka ndani yake chipu ya kufungia mlango. Kaseti isiyo na chipu mwenza haikuchezeka. Kampuni iliyotaka kutengeneza gemu ilipaswa kupata leseni, kaseti zilitengenezwa kupitia Nintendo wenyewe, na kwa kawaida kila kampuni iliruhusiwa kutoa gemu tano tu kwa mwaka. Wengi walilalamika, lakini wateja wote walikuwa upande wa pili wa mlango.

Watu wa Tanga tusijifanye tunashangaa. Mkataba wa mwaka 1839 kati ya Seyyid Said na Waingereza uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoingia, ila biashara ya pembe za ndovu na sandarusi kutoka Mtangata, hapo karibu na Tongoni, hadi Kilwa ikabaki ya Sultani na watu aliowapa ruhusa. Mfanyabiashara wa kigeni aliyetaka pembe alikwenda kuzinunua Unguja. Mwenye bandari hakuhitaji kuwinda tembo hata mmoja. Naona Nintendo, Sony na Microsoft wangeelewana naye vizuri sana.

Turudi kwenye gemu. Mashine zilipounganishwa na intaneti, ikawezekana kurekebisha kosa baada ya gemu kuuzwa. Ila si zote. Gemu za CD kwenye Wii ya Nintendo hazikuwa na njia ya kawaida ya kupata marekebisho. Mwaka 2010 gemu ya Metroid: Other M ilikuwa na mlango uliogoma kufunguka ukipita njia fulani, na Nintendo wakawaambia wachezaji watume kumbukumbu za mchezo wao kwa posta ili zitengenezwe! Hebu fikiria unakwenda posta ya Tanga na kadi ndogo kama ukucha, unaiaga, unasubiri majibu.

Xbox 360 ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2005, iliweza kupokea marekebisho. Shida ikawa ada. Kila marekebisho yalipaswa kukaguliwa upya na Microsoft kabla ya kuruhusiwa. Yale ya kwanza yalikuwa bure, yaliyofuata yalilipiwa. Mwaka 2012 Tim Schafer wa kampuni ya Double Fine alitaja hadharani gharama ya marekebisho mamoja: dola 40,000. Kwa viwango vya mwaka ule hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 60. Kampuni kubwa inatoa bila kuumia. Vijana wawili watatu waliotengeneza gemu yao chumbani watazitoa wapi?

Yaliyoikuta Fez yanajulikana. Ilitengenezwa na kampuni ndogo ya Polytron ya Montreal, ikatoka kwenye Xbox 360 mwezi Aprili 2012, watu wakaipenda. Juni wakatoa marekebisho yaliyoondoa kasoro nyingi, lakini kwa wachezaji wachache yakaharibu kumbukumbu ya mchezo. Polytron wakayaondoa haraka. Kisha Julai wakayarudisha vilevile, na kosa lake ndani! Walieleza kwamba tatizo linawagusa chini ya asilimia moja ya wachezaji, na kwamba kuomba ukaguzi mwingine kungewagharimu makumi ya maelfu ya dola wasizokuwa nazo. Kwa hiyo walijua kosa liko wapi, na bado likabaki.

Hata waliokuwa na fedha walibanwa na sera. Valve walitoa Team Fortress 2 mwaka 2007 kwenye kompyuta na kwenye Xbox 360. Ile ya kompyuta ikapata mamia ya marekebisho, ramani mpya, silaha mpya. Ya Xbox ikabaki karibu kama ilivyozaliwa. Mwaka 2009 sehemu mpya ya Left 4 Dead ilikuwa bure kwenye kompyuta, lakini kwenye Xbox ikauzwa kama dola 7.

(Sisi wenye blogu tuna kumbukumbu yetu hapo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilipoleta leseni ya shilingi milioni moja kwa mwaka, blogu ngapi ziliacha kuandika? Namwelewa sana yule kijana wa Fez.)

Mwaka 2013 ikajulikana kwamba Microsoft wameacha kutoza ada ya marekebisho. Watengenezaji wadogo wakashangilia, na walikuwa na haki. Lakini mimi naona ile ada, pamoja na ubaya wake, ilikuwa inamlazimisha mtu amalize kazi kabla ya kuiuza. Mwaka 2015 Tony Hawk's Pro Skater 5 iliuzwa ikiwa na CD yenye gigabaiti 4.6, na marekebisho ya siku ya kwanza ya gigabaiti 7.7. Bila hayo marekebisho ulipata sehemu ya mafunzo na kidogo tu zaidi. Yaani ulinunua kasha, gemu ukaifuate mwenyewe mtandaoni. Desemba 2020 Cyberpunk 2077 ilitoka ikiwa mbovu kiasi kwamba Sony waliiondoa dukani kwao mpaka Juni 2021.

Kwa kijana wa Marekani mwenye intaneti isiyopimwa, gigabaiti 7.7 ni usiku mmoja wa kulala. Kwa Anko ni bando, na bando linatoka kwenye mia mbili mia mbili za watoto. Zamani mtengenezaji alilipa na mchezaji wa Ngamiani hakuhusika. Siku hizi mtengenezaji anapakia bure, na anayelipia kila megabaiti ni Anko.

Na hawezi kukwepa. Ile Winning Eleven yetu ikawa PES, PES ya mwisho ya CD ikatoka mwaka 2020, na Septemba 2021 Konami wakaleta eFootball: haina CD, haina bei, ipo mtandaoni tu. Ndiyo vijana wale watatu walikuwa wanaisubiri.

Nilimuuliza Anko kwa nini asirudi kwenye zile za CD. Akanionyesha kona ambako PS2 yake ya zamani imefunikwa kitambaa. "Inawaka," akasema. "Nikiiwasha wanacheka, wanauliza Messi wa Barcelona ndiye nani."

Nilipoaga ilikuwa saa nane mchana, mstari umefika asilimia 61. Kijana mmoja alikuwa ameshakwenda kuoga baharini.