Habari Haikufika Liuli

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila nikiutafakari usemi huu naona uzito wake umo katika neno la mwisho. Daftari tunaweza kuwa nalo; habari ndiyo inayotuponyoka.

Tazama yaliyotokea Liuli, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Uingereza iliingia vitani dhidi ya Ujerumani tarehe 4 Agosti 1914. Ng'ambo ya ziwa, katika Nyasaland ambayo leo ni Malawi, Kapteni Rhoades wa meli Gwendolen alipata taarifa pamoja na amri. Huku kwetu, Kapteni Berndt alikuwa ameipandisha meli yake, Hermann von Wissmann, nchi kavu kwa matengenezo, wala hakuna aliyekuwa amemwambia lolote. Mizinga ilipolia tarehe 13 Agosti, Berndt alipanda mashua akamfuata Rhoades, mtu waliyezoeana, kumuuliza kulikoni. Akatekwa papo hapo. Jambo lilikuwa moja, vita. Picha zake vichwani mwa watu hao zilikuwa mbili.

Mafundi wa programu za kompyuta wamehangaika na tatizo hilohilo. Chukua kilo 52 za kahawa ya mkulima wa Mbinga. Zikishaingizwa kwenye kompyuta, namba hiyo huonekana katika kisanduku cha mizani, katika orodha ya wakulima na katika jumla ya malipo. Ikibadilika mahali pamoja, nani atapeleka habari kwingine? Zamani fundi aliandika amri moja moja za kuibeba namba kutoka ghalani hadi kwenye skrini, kisha kuirudisha. Akisahau amri moja, skrini ilibaki kama Berndt, ikiamini jana.

Mwaka 1979, Trygve Reenskaug wa Norway, akiwa katika maabara ya Xerox PARC huko Marekani, alishauri kwamba jambo lenyewe litengwe na sura zake: jambo likibadilika, kila sura ipewe habari. Mwaka 1993 toleo la tatu la Visual Basic likawaletea mafundi wa kawaida njia rahisi: kisanduku kilifungwa na safu ya kwenye ghala la data, na fundi hakuhitaji tena kuandika amri za kubeba namba. Mwaka 2006 Microsoft ilitoa WPF, ambamo ufungaji huo ulipewa nafasi kubwa zaidi. Kwetu Tanzania, ambako Serikali ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, wengi tulianza kuifahamu mashine hii katika miaka ya 1990, wakati kamba hizo zilikuwa zimekwisha kusokotwa.

Ni uvumbuzi mzuri, nami nausifu. Lakini ndugu msomaji, kamba hiyo haiulizi mizani. Karani akiandika 25 badala ya 52, kisanduku, orodha na jumla vitakubaliana mara moja, kwa uaminifu mkubwa, juu ya uongo. Katika madaftari ya zamani kosa kama hilo lilijifichua lenyewe: kitabu kimoja kilisema hivi na kingine vile, watu wakaketi kutafuta ukweli. Kutopatana kwa madaftari kulikuwa kero, lakini kulikuwa pia ushahidi.

Ndiyo maana naithamini stakabadhi ya karatasi anayoondoka nayo mkulima, imekunjwa mfukoni, na kuteremka nayo mlimani hadi nyumbani. Haikufungwa na chochote. Namba ikibadilishwa ndani ya ofisi, kwa bahati mbaya au kwa hila, karatasi hiyo haitabadilika, nayo ndiyo ada ya shule ya mtoto wake. Tuzifunge skrini zetu pamoja, ili asiwepo Berndt mwingine wa kupigwa mizinga bila habari. Lakini mwenye mali abakiziwe nakala yake, isiyosikia amri ya mtu.