KUTOKA KIPINDUPINDU CHA GOMA HADI KITABU CHA VIWANGO: HISTORIA YA MUUNGANO WA MASHIRIKA YA MISAADA NA SUALA LA LUGHA

1. Utangulizi

Barabara itokayo Walikale kuelekea Kisangani hupita Mubi, kituo cha biashara kilicho katikati ya msitu. Mwishoni mwa mwaka 1996, makambi ya Goma yalipovunjwa kwa vita, maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walivuka Masisi na Walikale kwa miguu wakielekea Tingi-Tingi, karibu na Lubutu. Wengi hawakufika. Tangu hapo wilaya hizi mbili zimeendelea kupokea wahanga wa vita vingine, pamoja na mashirika yanayokuja kuwasaidia.

Wafanyakazi wa mashirika hayo hufuata kitabu kimoja cha viwango, kiitwacho kitabu cha Sphere. Ni wachache wajuao kwamba sababu ya kuandikwa kwake ilikuwa vifo vilivyotokea Goma, katika mkoa huu huu wa Kivu ya Kaskazini. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mashirika yaliyokuwa yakishindana yalivyofikia mapatano ya pamoja. Aidha, yatadai kwamba mapatano hayo yana pengo moja kubwa, nalo ni pengo la lugha.

2. Goma, Julai 1994

Kati ya tarehe 14 na 18 Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari nchini Rwanda, watu wasiopungua laki tano waliingia Goma. Baadhi ya makadirio hufikia laki nane. Waliwekwa Kibumba, Katale, Mugunga na kwingineko, juu ya ardhi ya mawe ya volkeno. Mawe hayo hayakuruhusu kuchimba vyoo wala makaburi. Kibumba hakukuwa na maji, na waliokuwa karibu na ziwa Kivu walikunywa maji yake bila kuyasafisha. Katika juma la kwanza, maji safi yaliyogawiwa hayakufikia hata lita moja kwa mtu kwa siku. Kipindupindu kilizuka, na nyuma yake kukaja ugonjwa wa kuhara damu. Katika mwezi mmoja walikufa watu karibu 50,000.

Mashirika hayakukosekana. Kinyume chake, yalikuja kwa makumi, kila moja na bendera yake, magari yake na wanahabari wake. Yalikuwepo yaliyofanya kazi kwa ustadi mkubwa. Lakini yalikuwepo pia yasiyo na ujuzi wa kutibu kipindupindu, na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuyakataza. Wahenga walinena kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapakuwa na kipimo kilichokubaliwa na wote cha kuonyesha ni nini kinachotosha na ni nini ambacho ni aibu.

3. Kujengwa kwa muungano

Muungano haukuanza pasipo msingi. Tangu mwaka 1972 baadhi ya mashirika makubwa yalikuwa na kamati yao ya pamoja mjini Geneva, na mwaka 1994 wenyewe, Msalaba Mwekundu na mashirika kadhaa yalitangaza Kanuni za Maadili zenye vipengele kumi. Hata hivyo, kanuni hizo zilisema juu ya nia na mwenendo. Hazikusema mtu apewe lita ngapi za maji.

Msukumo mkubwa ulitokana na tathmini ya pamoja ya misaada iliyotolewa kwa ajili ya Rwanda. Tathmini hiyo ilianzishwa na serikali ya Denmark pamoja na wafadhili wengine, ikachapishwa mwezi Machi 1996. Ilisema mambo mawili mazito. Kwanza, msaada wa kibinadamu hauwezi kushika mahali pa uamuzi wa kisiasa. Pili, mashirika hayana budi kujiwekea viwango na kukubali kuwajibika, la sivyo watu wengine watawawekea.

Mwaka 1997 kamati ile ya Geneva na jumuiya ya mashirika ya Marekani, InterAction, zilianzisha mradi wa Sphere. Mamia ya wataalamu walishirikishwa. Toleo la majaribio lilitoka mwaka 1998, na lile la kwanza rasmi mwaka 2000. Yalifuata mengine mwaka 2004, 2011 na 2018. Kitabu hufungua kwa Mkataba wa Kibinadamu, unaotamka kwamba mhanga ana haki ya kuishi kwa heshima na haki ya kupata msaada. Baada yake huja vipimo: lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, choo kimoja kwa watu 20, na makazi yenye eneo la mita za mraba 3.5 kwa kila mtu.

Makubaliano hayakuwa kamili. Baadhi ya mashirika ya Ufaransa yalipinga. Yalihofu kwamba tarakimu zingegeuka kuwa fimbo ya wafadhili, na kwamba ufundi ungefunika siasa. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Katika makambi ya Goma, waliotenda mauaji ya kimbari walitawala ugawaji wa chakula, na mwezi Novemba 1994 tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliamua kuondoka kwa sababu hiyo. Hakuna idadi ya lita ambayo ingetatua tatizo kama hilo.

4. Kiwango katika lugha ya nani?

Mwaka 2005 Umoja wa Mataifa ulibuni utaratibu wa kugawa kazi kwa makundi: maji, afya, makazi na mengineyo. Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuutumia. Hivyo mashirika yalipata lugha ya pamoja ya kusemezana, lakini lugha hiyo ilikuwa ya vikao vya Goma na Kinshasa, yaani Kifaransa na Kiingereza, tena iliyojaa vifupisho.

Katika Kiswahili cha Kivu, kinachotolewa na mashirika huitwa "musaada". Neno hili lina maana ya hisani. Apewaye hisani hushukuru, hahoji. Mkataba wa Kibinadamu nao husema juu ya haki, na mwenye haki huhesabu. Kati ya maneno haya mawili pana umbali mkubwa. Mama aliyelala ndani ya shule au kwa jamaa zake, kama walalavyo wengi katika Walikale, hawezi kudai kiwango asichowahi kukisikia.

Tafsiri ya Kiswahili sanifu peke yake haitoshi. Wakati wa Ebola (2018–2020), utafiti wa Translators without Borders ulibaini kwamba maelezo yaliyoandikwa kwa Kifaransa au kwa Kiswahili sanifu hayakueleweka vema na wengi. Mfano mdogo utatosha kuonyesha njia. Lita 15 ni robo tatu ya bidoni ya lita ishirini. Kila mtu wa Kivu aijua bidoni. Ukimwambia, "Kila mtu wa nyumba yako anastahili robo tatu ya bidoni kila siku," umempa kipimo, na pamoja nacho umempa neno la kuuliza.

5. Hitimisho

Mwaka 2023 kipindupindu kilienea tena katika makambi ya pembeni mwa Goma, ingawa kitabu kilikuwa kimekwisha kutolewa mara nne. Mwezi Februari 1925 haukuwa na makambi hayo. Mwezi Februari 2025, baada ya mji kutekwa na M23, yalivunjwa, na watu wakaambiwa warudi makwao. Viwango havizuii vita, wala havileti fedha zisizokuwepo. Vyaweza tu kumfanya mtu aone kwamba alichonyimwa kilikuwa haki yake. Kwa mintarafu hiyo, kazi iliyobaki yatuhusu sisi wanaisimu pia. Viwango vilivyozaliwa kwa vifo vya Goma havina budi kusemwa kwa maneno ambayo watu wa Goma, Masisi na Mubi huyatumia wanapohesabu maji yao.