Msikiti uliookotwa jalalani

Wengi wakisikia "msikiti wa Kiosmani" wanawaza Istanbul, ule wa Sultan Ahmed wenye minara 6 unaojaa kwenye picha za watalii. Sawa, ni mzuri. Lakini ukiniuliza mimi, wa kujua kwanza ni mdogo tu, uko Banja Luka kule Bosnia, unaitwa Ferhadija.

Ulijengwa 1579 na Ferhad-paša Sokolović, mtawala wa eneo hilo. Simulizi za huko zinadai pesa zilitoka kwa familia moja tajiri ya Austria, iliyolipa kumkomboa kijana wao aliyetekwa vitani. Mtindo ni ule wa enzi za Mimar Sinan: kuba moja kubwa, nusu-kuba upande wa mihrabu, baraza mbele yenye kuba 3 ndogo, na mnara mwembamba wa zaidi ya mita 40. Hakuna mbwembwe.

Sasa skiza. 7 Mei 1993, wakati wa vita vya Bosnia, ulilipuliwa usiku. Na usidhani ni bomu lililokosea njia. Banja Luka hakukuwa na mapigano, mji ulikuwa mikononi mwa Waserbia wa Bosnia. Watu walikaa chini, wakapanga, wakatega baruti. Vita vikiisha, misikiti yote 16 ya mji ilikuwa imeharibiwa. Mawe ya Ferhadija yalisombwa hadi jaa la taka, uwanja ukabaki mtupu. Yaani ionekane hapo hapajawahi kuwa na Mwislamu.

7 Mei 2001 watu walikuja kuweka jiwe la msingi la kuujenga upya, umati wenye hasira ukawavamia. Mzee mmoja alipigwa, akafa baadaye.

Hawakuacha. Na hawakumwaga saruji tu wamalize. Walienda jalalani wakafukua mawe, vipande maelfu, wakapima kimoja kimoja kujua kilikaa wapi ukutani. Palipokosekana, fundi alichonga jipya. Milango ikafunguliwa 2016, tarehe ileile, 7 Mei.

Kuna wasee husema hiyo ni kopi tu, msikiti wa kweli ulikufa 1993. Mimi nakataa. Wangejenga wa saruji na kupaka rangi, ningekubali. Lakini jiwe lililochongwa 1579, likatupwa na takataka, likarudishwa palepale lilipotoka, utaliitaje kopi? Halafu kama yalikuwa mawe tu, mbona waliobomoa waliona lazima wasombe hadi kifusi?