Molekuli za OLED

OLED ni kifaa kinachotoa mwanga umeme unapopita katika tabaka nyembamba za nusukipitishi za kikaboni. Ndicho kioo cha simu nyingi za bei ghali. Ching Tang na Steven Van Slyke wa maabara za Kodak, Rochester, Marekani, walitangaza kifaa cha kwanza chenye manufaa mwaka 1987. Kiliwaka kwa volti zisizofika 10, ila kwa kila elektroni 100 zilizoingia, ilitoka fotoni 1 hivi.

Sehemu ya hasara hiyo inatokana na fizikia yenyewe. Elektroni ikikutana na tundu (nafasi inayokosa elektroni) ndani ya molekuli, huzaliwa eksitoni, yaani hali yenye nishati ya ziada, na mpangilio wa spini huamua aina yake: robo huwa singleti, robo tatu tripleti. Katika molekuli za kawaida za kikaboni, singleti pekee ndizo zinazong'aa. Nishati ya tripleti huishia kuwa joto.

Mwaka 1998, timu ya watafiti Stephen Forrest na Mark Thompson ilitumia molekuli zenye platini, na baadaye iridi. Atomi hizo nzito huzifanya tripleti nazo zitoe mwanga. Dawa ilikuwa nzuri, lakini iridi ni adimu na ghali.

Chihaya Adachi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, walifuata njia nyingine. Kwa nishati, singleti hukaa juu ya tripleti. Pengo kati yao likipunguzwa, joto la chumba linatosha kuipandisha tripleti iwe singleti. Pengo hupungua pale obitali (eneo ambamo elektroni hukaa) inayotoa elektroni inapotenganishwa na ile inayoipokea. Molekuli yao ya 2012, 4CzIPN, haina metali: katikati ni pete ya benzeni yenye vikundi viwili vya sayano vinavyovuta elektroni, na kuizunguka kuna kabazoli nne zinazozitoa. Kwa kubanana, kabazoli hizo hulazimika kujipinda nyuzi 60 hivi, na obitali zikaachana. Ufanisi wa nje, yaani fotoni zinazotoka kwa kila elektroni 100, ulivuka asilimia 19.

Hapa ndipo ugumu wote wa usanifu ulipo. Obitali zikiachana mno, molekuli hupoteza uwezo wa kung'aa. Zikipishana mno, pengo linarudi. Tena molekuli zilizopindika hutoa rangi iliyotawanyika. Mwaka 2016 mwanakemia wa Japani Takuji Hatakeyama alitatua hilo kwa pete ngumu bapa zenye boroni na nitrojeni, ambamo obitali hubadilishana atomi kwa atomi, na bluu yake ikabanwa ndani ya upana wa nanomita 28.

Bluu ndiyo inayosumbua zaidi. Nishati ya fotoni yake inakaribia ile inayoshikilia bondi za kaboni na nitrojeni, na tripleti mbili zikigongana huweza kuivunja molekuli. Ndiyo maana vioo vingi vya simu vimetumia iridi kwa nyekundu na kijani, huku bluu ikibaki na molekuli za singleti zenye ufanisi mdogo, na pikseli zake zikitengenezwa kubwa zaidi ili zisichakae mapema.