Kwa nini wanafunika msalaba?

Kwarezima ikielekea mwisho, wengine kati yetu wanaona misalaba na sanamu za Wakatolika zimefunikwa kitambaa cha zambarau, wanacheka: «Wamemficha mungu wao!» Tusicheke kabla ya kujua.

Desturi hii ni ya kale kuliko jimbo Katoliki la Kasongo, lililoundwa 1959. Katika Ulaya ya zamani, kitambaa kikubwa kilitundikwa mbele ya altare wakati wa Kwarezima. Desturi ya kufunika misalaba na sanamu ikawa ya majuma mawili ya mwisho. Jumapili ya kuanza majuma hayo, misa ya Kilatini ilisoma Yohana 8: watu wanaokota mawe, Yesu anajificha, anatoka hekaluni. Asiyeelewa Kilatini alihubiriwa na kitambaa. Tangu kitabu cha misa cha 1970, maaskofu wa kila nchi ndio wanaamua, kwa hiyo si lazima uyaone kila mahali.

Sisi Wapentekoste hatuinamii sanamu, na Kutoka 20 inabaki. Lakini anayefunika sanamu anakiri kwamba macho yanaweza kushiba na moyo ukabaki na njaa. (Kalenda yenye picha ya mchungaji, nani kwetu ameifunika hata siku moja?)

Ijumaa Kuu padri anaufunua msalaba kidogo kidogo, mara tatu, akiwaita watu wautazame. Sanamu zinangoja mkesha wa Pasaka.